Yule Mama Hakumzaa Mfalme: Kile Ambacho Filamu Black Panther Haikutuambia

Watoto wetu wengi wameona filamu Black Panther. Wengine waliiona kwenye simu ya kaka, wengine kwa jirani mwenye televisheni, wengine kwenye flashi iliyozunguka nyumba kumi kabla ya kufika kwao. Ilitoka Februari 2018, na mpaka leo bado utawaona watoto wakikunja mikono kifuani kwa salamu ya watu wa Wakanda. Wamama wengi wanaijua kwa kelele zake tu. Watoto wanatazama sebuleni, mama yuko jikoni na sufuria, anasikia ngumi, ndege na milipuko.

Wamama wapendwa, filamu hii inastahili tuache sufuria kidogo, tukae nayo. Mimi ni msomaji wa bede tangu usichana, yaani vile vitabu vya hadithi za michoro. Nilimjua mfalme T'Challa kwenye karatasi miaka mingi kabla hajapanda kwenye sinema. Mtu wa namna hiyo akitazama filamu, ni kama mtu anayeonja sombe iliyopikwa na jirani: anajua mara moja kilichoongezwa na kilichosahauliwa. Nimeipenda filamu hii, na nitasema kwa nini. Lakini kuna jambo moja ambalo vitabu vilikuwa nalo na filamu ikaliacha njiani. Jambo hilo linatuhusu sisi wamama wa mashariki ya Kongo kuliko watazamaji wengi wa nchi za mbali.

Mfalme aliyezaliwa kwenye karatasi

T'Challa alionekana mara ya kwanza mwezi wa Julai 1966, katika kitabu cha 52 cha mfululizo wa Fantastic Four wa kampuni ya Marvel, Marekani. Stan Lee aliandika, Jack Kirby akachora. Walikuwa Wamarekani weupe wawili, lakini walichora kitu ambacho hakikuwa kawaida wakati huo: nchi ya Kiafrika inayoitwa Wakanda, isiyotawaliwa na mkoloni yeyote, yenye mashine zinazowashangaza wageni. Mfalme wake anavaa vazi la chui mweusi. Chini ya ardhi yake kuna madini ya ajabu, vibranium, na anayeamua yachimbwe namna gani ni Wakanda yenyewe.

Tukumbuke, mwaka 1966 Kongo ilikuwa na miaka sita tu ya uhuru. Kitabu cha michoro kilichoitangaza nchi yetu duniani kilikuwa Tintin au Congo cha Mbelgiji Hergé, kilichotoka gazetini mwaka 1930 na 1931. Mle ndani watu wetu wamechorwa kama watoto wakubwa wasiojua kitu, wanaopiga magoti mbele ya kijana mweupe na mbwa wake. Kwa msomaji aliyetoka kwenye picha hizo, kumkuta mfalme mweusi aliyesimama wima, mwenye elimu, anayewapokea wageni nyumbani kwake kwa masharti yake, ni kama kufunguliwa dirisha.

Waandishi wengine walifuata. Kati ya 1973 na 1975, Don McGregor aliandika hadithi ndefu ya T'Challa katika mfululizo wa Jungle Action, na sehemu kubwa ikachorwa na Billy Graham, mchoraji mweusi. Humo ndimo alimozaliwa adui mkubwa wa mfalme, Erik Killmonger. Mwaka 1998 akaja Christopher Priest, mwandishi mweusi, akaleta kikosi cha wanawake walinzi wa mfalme. Mwaka 2005 Reginald Hudlin na mchoraji John Romita Jr. wakamleta Shuri, dada mdogo wa T'Challa. Mwongozaji wa filamu, Ryan Coogler, kijana wa Oakland huko California, alichukua vipande kutoka kwa wote hao, akavishona pamoja.

Wanawake ambao filamu iliwapandisha

Nianze na sifa, kwa sababu filamu inazistahili.

Kikosi cha wanawake walinzi kinaitwa Dora Milaje. Mtoto akiwaona kwenye filamu, vichwa vimenyolewa, mavazi mekundu, mikuki mkononi, anaona jeshi. Kwenye vitabu vya 1998 mambo hayakuwa hivyo kabisa. Wasichana wale walikuwa walinzi, ndiyo, lakini pia walihesabiwa kuwa wachumba wa mfalme. Kila kabila la Wakanda lilitoa msichana mmoja ili amani idumu, kwa matumaini kwamba siku moja mmoja wao atakuwa malkia. Hawakuruhusiwa kuzungumza na mtu mwingine ila mfalme peke yake. Wamama mnaosoma habari hii hamhitaji nieleze maana ya binti kutolewa ili wakubwa wapatane.

Mmoja wa wasichana wale alikuwa Nakia. Kwenye kitabu, mfalme alipopoteza akili kwa hila ya adui alimbusu, akidhani ni mwanamke mwingine. Binti yule akaamini kwamba anapendwa. Wivu ukamwingia, akataka kumwua mchumba wa zamani wa mfalme, akafukuzwa, na mwisho akageuka adui mwenye jina la Malice. Nilipokuwa msichana niliisoma habari yake kwa haraka, nikimwona mwenye wazimu. Nilipoirudia nikiwa mtu mzima niliona kitu kingine: mtoto aliyepelekwa kwenye nyumba ya mfalme, akafundishwa kwamba thamani yake ni kuchaguliwa, kisha akaadhibiwa kwa sababu aliamini alichofundishwa.

Filamu ilibadilisha haya yote. Nakia wa filamu, anayechezwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, ana kazi yake. Ni mpelelezi wa siri. Tunapokutana naye mara ya kwanza yuko kwenye msitu wa Sambisa, Nigeria, amejificha kati ya wasichana waliotekwa, ili awaokoe. Mfalme anampenda, lakini yeye haachi kazi yake ili aketi pembeni ya kiti cha enzi. Anamwambia wazi kwamba nchi tajiri kama yao haiwezi kufunga mlango huku majirani wanateseka. Mwisho wa filamu, mfalme anafuata wazo hilo la mwanamke.

Okoye, jenerali wa kikosi, anachezwa na Danai Gurira, mtoto wa wazazi wa Zimbabwe. Kati yake na Nakia kuna mabishano ambayo vikundi vyetu vingeweza kuyazungumzia siku nzima. Killmonger anapochukua ufalme, Nakia anamwomba Okoye wakimbie pamoja. Okoye anakataa: ameapa kutumikia kiti cha enzi, yeyote anayekikalia. Nakia anajibu kwamba yeye anaipenda nchi, na kuipenda nchi ni kuiokoa. Wote wawili ni wanawake wenye akili na uaminifu, na hakuna mmoja anayechezwa kama mjinga. Baadaye, vita vinapochacha, Okoye anajikuta uso kwa uso na mpenzi wake W'Kabi, aliyekwenda upande wa Killmonger. Anamwelekezea mkuki. W'Kabi anamwuliza kama kweli angeweza kumwua. Okoye anasema kwamba kwa ajili ya Wakanda hatasita. Mwanaume anaangusha silaha, anapiga magoti.

Tena, mfalme akiwa amepigwa na kudhaniwa amekufa, ni wanawake wanaomrudisha. Nakia ameiba mmea wa mwisho wenye nguvu kabla bustani haijachomwa moto. Mama, dada na mpenzi wanapanda mlimani kwa maadui wao wa zamani. Mama anamnywesha mwanawe dawa na kuita mababu wamrudishe.

Mavazi yenyewe ni kazi ya mwanamke, Ruth E. Carter. Alitazama Wahimba, Waturkana, Wazulu, Wabasotho na wengine, akavaa watu wa Wakanda kwa heshima. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa ubunifu wa mavazi. Hannah Beachler, aliyebuni nyumba, masoko na jumba la kifalme, naye alipata Oscar usiku uleule. Filamu haikuwainua wanawake kwenye hadithi tu. Iliwapa kazi na jina.

Kwa hayo yote, msomaji wa zamani nasema: hapa filamu imekuwa bora kuliko vitabu.

Mtoto aliyeachwa

Sasa tufike kwenye moyo wa filamu, na moyo huo ni mtoto.

Mwaka 1992, Oakland, Marekani, mfalme wa zamani T'Chaka anamkuta mdogo wake N'Jobu kwenye kosa la kuisaliti nchi. Wanagombana, na T'Chaka anamwua. N'Jobu alikuwa na mtoto mdogo wa kiume, aliyekuwa nje akicheza mpira na wenzake. T'Chaka anajua mtoto yupo. Akimpeleka nyumbani, itambidi aeleze namna baba yake alivyokufa. Basi anamwacha pale pale, ili siri isitoke. Mtoto anapanda juu na kuikuta maiti ya baba yake.

Kwa Kifaransa watamwita T'Chaka oncle wa mtoto yule, na neno hilo linaweza kumpunguzia mzigo. Kwa Kiswahili chetu hakuna pa kujificha. Kaka wa baba ni baba mkubwa. Kwa hiyo mtoto yule alipoteza baba mmoja kwa kifo, na siku ileile akaachwa na baba wa pili aliyekuwa hai. Filamu haitaji mama aliyemlea. Haituonyeshi shangazi, bibi wala jirani. Tunamwona tena akiwa mtu mzima, askari aliyejichoma alama mwilini kwa kila mtu aliyemwua. Huyo ndiye Killmonger.

Kuna sehemu moja ambayo sikuweza kuitazama mara ya pili bila kufuta macho. Killmonger anakunywa dawa ya wafalme na roho yake inarudi kwenye chumba kile cha Oakland. Anakuwa mtoto tena mbele ya baba yake. Baba anashangaa kwamba mtoto hamlilii. Mtoto anajibu kwamba watu wote wanakufa, kwao maisha ndivyo yalivyo. Anasema hivyo kwa sauti tulivu, kama mtoto anayetaja bei ya mkate.

Sisi tumeisikia sauti hiyo. Tumeisikia kwa watoto waliofika kwenye nyumba zetu wakitoka vijiji vilivyokimbiwa. Mtoto hasemi sana, anakula anachopewa, na siku moja akiulizwa habari ya wazazi wake anajibu kwa utulivu unaokutia baridi mgongoni.

Filamu inasema ukweli mmoja kwa nguvu: mtoto aliyeachwa na ukoo atarudi siku moja, na ukoo utalipa. T'Challa mwenyewe anawaambia mababu zake, akiwa na hasira na machozi, kwamba walikosea kumwacha mtoto yule. Kwenye vitabu vya McGregor, Killmonger alikuwa na historia tofauti. Wazo la kumfanya ndugu wa damu, mtoto wa baba mkubwa na baba mdogo, ni la filamu, na limemfanya adui ambaye unamwogopa na kumhurumia pamoja.

Lakini filamu inaonyesha kidonda tu. Dawa yake ilikuwa kwenye vitabu, na ndiyo waliyoiacha.

Mama Ramonda wa karatasi

Kwenye filamu, mama wa T'Challa ni malkia Ramonda, anayechezwa na Angela Bassett, mwenye nywele nyeupe na kofia pana ya kifalme. Anaitwa mama, analia kama mama, anapigana kama mama. Mtazamaji hana sababu ya kujiuliza lolote.

Msomaji wa vitabu anajua zaidi. Mama aliyemzaa T'Challa aliitwa N'Yami, naye alifariki akimwacha mwanawe angali mchanga. Mfalme T'Chaka akaoa tena. Mke huyo wa pili alikuwa Ramonda, mwanamke kutoka Afrika Kusini, mgeni asiye na ukoo Wakanda. Alimkuta mtoto wa marehemu ndani ya nyumba, akampakata. Baadaye alimzaa Shuri, binti yake mwenyewe.

Ni mama wa kambo, kwa neno letu. Na bede hizi, zilizojaa makucha na mashine, zilifanya kitu ambacho hadithi za jioni za huku kwetu hufanya mara chache: zilimfanya mama wa kambo kuwa mtu mwema. Wamama, tafuteni kwenye kumbukumbu zenu. Katika hadithi tulizosimuliwa, mama wa kambo ni yule anayemnyima yatima chakula, anayemtuma kisimani usiku, anayempikia mwanawe nyama na kumpa mtoto wa mwenzake ukoko.

Mwaka 1989, Don McGregor na mchoraji Gene Colan walitoa hadithi ndefu iliyoitwa Panther's Quest, yaani safari ya Chui ya kutafuta. Anachotafuta si hazina. Anamtafuta mama. T'Challa alipokuwa bado mtoto, Ramonda alitoweka. Wakanda yote ilisema amekimbia na mwanaume mwingine. Alikuwa mgeni, alikuwa wa kambo, basi ilikuwa rahisi kuamini. Mtoto akakua na neno hilo masikioni: mama yako wa pili alikukimbia.

Haikuwa kweli. Ramonda alikuwa amekwenda kutembelea nchi yake ya kuzaliwa, na huko akatekwa na mweupe mmoja mwenye cheo katika serikali ya ubaguzi wa rangi, Anton Pretorius, aliyemfungia nyumbani kwake miaka mingi. T'Challa, akiwa sasa mfalme, anasikia fununu kwamba yuko hai. Anaacha kiti chake, anaingia Afrika Kusini ya apartheid peke yake. Anapigwa, anajeruhiwa, anapita kwenye vitongoji ambako polisi wanawafukuza watu weusi kama wanyama. Haendi huko kama mfalme anayedai haki ya nchi. Anakwenda kama mtoto aliyekuwa na mama, akamkosa, na hataki kuamini tena kilichosemwa na majirani. Anampata. Anamrudisha nyumbani.

Hadithi hiyo ilitoka Nelson Mandela akiwa bado gerezani. Aliachiliwa Februari 1990. Ndani ya bede ya Kimarekani, mtu alikuwa amechora kwamba mama wa kambo anaweza kupendwa kiasi hicho, na kwamba maneno ya mtaa juu ya mwanamke aliyetoweka yanaweza kuwa uongo mtupu. Hapa kwetu wanawake wametekwa njiani wakienda shambani au sokoni, na waliporudi walikuta watu wameshasema. Msinifanye nieleze zaidi.

Kofia ilibaki, habari ikapotea

Sijui kama watu wa filamu waliwaza hivyo, lakini walibakiza alama moja. Ile kofia pana ya Ramonda, Ruth Carter aliitoa kwenye isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Na lugha inayozungumzwa Wakanda katika filamu ni Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini pia. Kwa hiyo malkia anavaa kofia ya nchi ambayo vitabu vinasema alitoka. Habari yenyewe imepotea, kofia imebaki kichwani.

Mtu anaweza kunijibu: si afadhali hivyo? Kama T'Challa anamwita mama, neno kambo lina kazi gani? Hata kwetu, mtoto aliyelelewa vizuri hakubali umwambie kwamba huyu si mama yake. Jibu hilo ni zuri, na ndani ya nyumba ninalikubali kabisa. Mama anayemlea mtoto hatakiwi kuvaa kibandiko cha kambo kila siku.

Lakini hadithi inayotazamwa na mamilioni ya watoto ni kitu kingine. Ukimya unamsaidia yule ambaye tayari anajua. Mtoto anayelelewa na mama asiyemzaa, akiitazama filamu, anaona tena mfalme aliyezaliwa na malkia, na mtoto aliyeachwa akawa mwuaji. Anajiweka upande gani? Filamu haimpi mahali. Vitabu vilimpa: mfalme mwenyewe, shujaa mwenye vazi la chui, alikuwa kama yeye. Walikuwa na watoto wawili waliopoteza wazazi, T'Challa na Killmonger. Mmoja alimpata Ramonda, mwingine hakumpata mtu. Tofauti yao haikuwa damu, kwa sababu filamu imewafanya wawe na damu moja. Tofauti yao ilikuwa mwanamke mmoja aliyesema, huyu ni wangu. Kama wangeibakiza habari hiyo, filamu ingekuwa na swali na jibu ndani yake.

Basi ajabu ni kwamba filamu ya pili, Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022, ilirudi karibu na ukweli huo bila kuutaja. Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, alifariki kwa saratani ya utumbo tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Ndiyo maana filamu hiyo inaanza na matanga. Ramonda amepoteza bwana na mtoto, na anaongoza nchi akiwa ndani ya maombolezo. Mafuriko ya vita yanapofika kwenye jumba lake, anazama majini akimwokoa Riri, msichana mwanafunzi kutoka Marekani asiye wa ukoo wake wala wa nchi yake. Anamwinua mtoto wa wengine hadi juu ya maji, naye anakufa. Angela Bassett aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Nilipoitazama nilisema kimoyomoyo: huyu ndiye Ramonda wangu wa karatasi. Amefanya mwishoni alichofanya mwanzoni.

Kwetu, bila vibranium

Watu wengi huku wanapoizungumzia filamu hii hutaja madini. Ni haki yao. Nchi yenye utajiri chini ya ardhi na watoto wanaolala na njaa juu yake haiwezi kuitazama Wakanda bila kuumia. Wakanda walificha madini yao, sisi yetu yanajulikana dunia nzima. Mazungumzo hayo tuendelee nayo.

Lakini utajiri ambao Wakanda ya vitabu ilikuwa nao na sisi pia tunao ni huu wa wamama wanaolea watoto wasiowazaa. Angalieni katika kikundi chenu cha likelemba. Hesabuni wanawake wenye watoto wa dada aliyefariki, watoto wa mke wa kwanza wa bwana, watoto waliokutwa njiani wakati wa kukimbia. Wanafanya hivyo kwa unga uleule, chumba kilekile, ada ya shule ileile isiyotosha. Hakuna anayewavisha kofia ya malkia.

Tena tuseme na upande mwingine, maana hatujengi kwa kujisifu. Wako watoto wa kambo wanaopewa lawama ya kila baya linaloingia nyumbani. Biashara ikianguka, ni yeye. Mdogo akiugua, ni yeye. Wengine wameitwa wachawi na kufukuzwa, wakaishia barabarani. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kuadhibiwa. Lakini kabla ya sheria kuna mlango wa nyumba, na nyuma ya mlango kuna mtu mzima anayechagua. T'Chaka alichagua siri yake. Ramonda alichagua mtoto. Filamu imetuonyesha matunda ya uchaguzi wa kwanza. Wa pili itabidi tuusimulie wenyewe.

Kama mtaitazama pamoja

Filamu ya kwanza ina saa 2 na dakika 14. Kuna mapigano mengi na watu wanauawa. Nchini Marekani wazazi wanaonywa kuwa waangalifu na watoto walio chini ya miaka 13, nami naona onyo hilo ni sawa. Watoto waliokwisha kuona vita kwa macho yao wasilazimishwe. Mkiitazama na vijana, kaeni nao mpaka mwisho, msiwaache na televisheni.

Ikiisha, zimeni sauti na muulizane:

Je, T'Chaka angefanya nini siku ile Oakland, na nani katika ukoo angepaswa kumlazimisha?

Kati ya Okoye na Nakia, nani alitumikia nchi vizuri zaidi, na kwa nini?

Kwenye mtaa wetu, ni mtoto gani aliyebaki peke yake baada ya msiba, na watu wa nyumbani wamenyamaza?

Baadaye, waambieni watoto ile habari ambayo filamu haikuwaambia. Waambieni kwamba mfalme wa Wakanda, mwenye nguvu kuliko wote, alifiwa na mama akiwa mchanga, na mwanamke kutoka mbali akamchukua. Waambieni kwamba watu walimsema vibaya mwanamke huyo, na kwamba mtoto wake, alipokuwa mkubwa, aliacha kiti cha enzi akaenda kumtafuta. Kama kuna mtoto wa kambo kati yao, mwambieni yeye kwanza.